Bi Taipu na Taa ya Kibodi

Mwisho wa ukumbi mrefu wa hospitali moja kubwa, ghorofa ya chini, kulikuwa na chumba ambacho mchana wake ulikuwa giza. Humo alifanya kazi mwanamke ambaye wote, kuanzia mganga mkuu mpaka wasukuma vitanda, walimwita Bi Taipu. Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni, lakini kwa kuwa humo chumbani hakuna aliyeweza kukisoma, halikumfaa kitu.

Giza lile lilikuwa la makusudi. Daktari wa picha, mzee mwembamba wa sauti ya chini, alikaa mbele ya skrini mbili kubwa akisoma picha za ndani za watu: mbavu, mapafu, figo, mifupa iliyovunjika na iliyokwisha kuunga. Jicho likizoea giza huona tofauti ndogo za kijivu ambazo penye mwanga lingezipita tu. Daktari alisema alichokiona, na Bi Taipu, ubavuni kwake, akaandika. Kufikia mchana wangekuwa wamewajua watu arobaini au hamsini mpaka ndani ya mifupa, na hawajaona uso wa hata mmoja.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na aliianza kwa taipureta. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mjomba wake alimpeleka chuo cha uhazili, akakabidhiwa kwa mwalimu mmoja mwanamke ambaye viatu vyake vilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mwalimu huyo aliwafunga wanafunzi kitambaa kilichotoka shingoni kikafunika mikono na mashine pamoja. "Macho kwenye karatasi," alisema akipita katikati ya madawati. "Anayetazama vidole ni sawa na mwendesha baiskeli anayetazama pedeli. Mtaro unamsubiri."

Vidole vya msichana vilijifunza njia zao, na havikuzisahau tena. Kompyuta zilipoingia hospitalini na wenzake wakaanza kunung'unika, yeye aliuliza swali moja tu, kama herufi zimebaki mahali pake. Alipoambiwa zimebaki, akakaa, akaendelea na kazi. Kompyuta mpakato aliyokuwa nayo siku za karibuni ilikuwa nzito kama tofali, na vitufe vya A, I na N vilikuwa vimefutika herufi zake kabisa kwa kuguswa. Mtu akiiazima, baada ya dakika mbili utamsikia akiuliza A iko wapi.

"Iko palepale ilipokuwa jana," Bi Taipu humjibu.

Tofali hilo alilibeba begani kila siku: asubuhi chumba cha giza, mchana kliniki ya mifupa, saa nane chumba cha mikutano ya madaktari. Bega la kulia likaanza kuuma, kisha likaanza kuuma hata siku za mapumziko, ndipo hospitali ikaamua wahazili wote wapewe kompyuta nyembamba. Afisa vifaa, bwana mmoja asiyependa maneno mengi, alipitisha karatasi. Ilikuwa na picha mbili. Kompyuta ya kwanza na ya pili zililingana wembamba na uzito. Ya kwanza ilikuwa na vitufe vyenye kina kizuri cha kubonyea, na betri ya kukaa siku nzima. Ya pili vitufe vyake vilikuwa vifupi zaidi na betri yake ilichoka mapema kidogo, ila ilikuwa na taa chini ya kibodi, herufi ziwake zenyewe gizani. Mtu aweke tiki kwenye moja, airudishe Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na kwa Bi Taipu hapakuwa na swali. Alichomoa kalamu aweke tiki kwenye ya kwanza.

"Ngoja kwanza," alisema mhazili wa kliniki ya macho, mama mnene mcheshi waliyekuwa wakila naye chakula cha mchana. "Shoga, wewe ndiye unayekaa pangoni kama popo. Mimi dirisha langu kubwa, jua linanichoma mpaka kwenye kope. Kama kuna mtu anahitaji taa hapa, ni wewe."

"Taa ya nini? Mimi sitazami vitufe."

"Hutazami kamwe?"

"Tangu nina miaka kumi na tisa."

"Nani amekuangalia akahakikisha?"

Lilikuwa swali la kichokozi tu, la mtu anayetafuna. Lakini Bi Taipu alirudisha kalamu mfukoni. Alikuwa na tabia moja ambayo watoto wake waliijua vizuri na kuichoka: jambo likimwingia kichwani bila jibu, halimtoki. Wakati mmoja alitumia majuma mawili kutafuta kwa nini mlango wa jikoni hulia asubuhi na si jioni. Sasa akajiuliza, mtu ambaye hatazami anajuaje kwamba hatazami? Ili ayaone macho yake yakishuka, si lazima atazame?

Kesho yake, ndani ya chumba cha giza, alijaribu kujivizia. Haikuwezekana. Kila alipokumbuka macho, vidole vilijikwaa, na Daktari akageuza shingo.

"Kuna tatizo, Bi Taipu?"

"Hapana Daktari. Nilikuwa najitafuta."

Daktari alikuwa na adabu za kizamani, hakuuliza zaidi.

Mumewe Bi Taipu alikuwa fundi saa. Meza yake ya kazi ilikuwa sebuleni chini ya dirisha, na juu yake kulikuwa na taa mbili, lenzi ya kuvaa jichoni, na vibakuli vya skrubu ndogo kuliko mbegu za ufuta. Mkewe alimwita Fundi, kama wateja, na yeye alimwita mama watoto, ingawa watoto wote watatu walikwisha kuoa na kuolewa. Jumanne ile alasiri, Bi Taipu aliporudi kutoka kazini, jua likiwa bado liko dirishani, aliweka tofali lake juu ya meza ya chakula na kutandaza kitambaa cha meza juu ya kibodi na mikono yake.

"Fundi, nisomee kitu."

"Nikusomee nini?"

"Chochote. Mimi naandika, wewe utahesabu makosa."

Fundi alivua lenzi. Alichukua gazeti la juma lililopita, akamsomea habari ndefu ya daraja lililokuwa likikarabatiwa, akisoma kwa mbwembwe kama mtangazaji. Vidole vya mkewe vilikimbia chini ya kitambaa kama panya chini ya mkeka. Alipomaliza walifunua na kusoma skrini pamoja. Aya nne, kosa moja, na hilo lilikuwa la Fundi, aliyekuwa amemeza silabi.

"Umeona?" Bi Taipu alisema. Alikwisha kuanza kukunja kitambaa.

"Nimeona. Ila hospitalini mnaandika habari za madaraja?"

"Tunaandika vipimo. Urefu, upana, milimita ngapi."

"Basi subiri." Fundi alifungua daftari lake la vipuri, ambamo kila gurudumu na kila springi ina namba yake. "Funika tena."

Alisoma namba thelathini, polepole, moja moja. Walipofunua, Fundi alichukua penseli, akalinganisha daftari na skrini, akaweka alama ndogo hapa na pale. Aliweka alama nane. Alipomaliza akasukuma daftari upande wa mkewe.

Bi Taipu alitazama. Palipotakiwa nne palikuwa na tano. Palipotakiwa saba, sita. Kidole kilikuwa kimekwenda jirani na nyumba iliyokusudiwa, kikabisha hodi mlango usio wake.

"Tufanye bila kitambaa," alisema.

Wakarudia, namba nyingine thelathini, mikono wazi, taa za Fundi zikimulika. Zote zilikuwa sawa. Lakini safari hii Fundi hakuwa akitazama daftari tu.

"Mama watoto, nikwambie nilichokiona?"

"Sema."

"Herufi huzitazami, Mungu shahidi. Lakini kila namba inapofika, macho yanashuka, yanadokoa, yanapanda. Upesi kabisa. Kama kuku anayedonoa punje."

"Mimi?"

"Wewe. Kuku mwenye mwendo mzuri, lakini kuku."

Bi Taipu alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. Alikaa na kitambaa mapajani, akaanza kumweleza mumewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kule chuoni, herufi zilifundishwa miezi mitatu, na namba, ule mstari wa juu kabisa, zilifundishwa wiki moja ya mwisho. Wiki hiyo yeye hakuwepo. Mama yake alilazwa, wadogo zake walikuwa wanne, na mkubwa nyumbani alikuwa yeye. Aliporudi wenzake walikwisha kufunua mikono na walikuwa wakijiandaa kwa mtihani. Namba zilikuwa na alama chache. Aliziacha, akazifidia kwa kasi ya herufi, akatoka wa pili darasani. Baadaye alijiambia atajifunza. Baadaye sana alisahau kwamba hakujifunza.

"Miaka ishirini na saba," alisema.

"Na miaka yote hiyo hukukosea. Macho yalikuwa yanakusaidia kwa siri."

"Yalikuwa." Hapo ndipo alipokumbuka mapazia.

Zamani chumba cha picha hakikuwa na giza kamili. Dirisha lilikuwa na pazia kuukuu lililochakaa, na mwanga mwembamba ulipenya ukaangukia hasa pale alipokaa. Daktari aliulalamikia mwanga huo mwaka hadi mwaka, na miezi miwili iliyopita hospitali ikaleta mapazia mapya, meusi, mazito, yanayogusa sakafu. Daktari alifurahi kama mtoto. Bi Taipu mwenyewe hakuona tofauti yoyote, kwani yeye si mtu asiyetazama vitufe?

"Fundi," alisema, "mimi miezi miwili hii nimekuwa nikiandika namba gizani."

Fundi alifunga daftari. Alimjua mkewe vya kutosha kujua kwamba habari haikuwa tena ya kompyuta. "Sasa utafanyaje?"

"Nikinyamaza, hakuna atakayejua."

"Hilo ni kweli."

"Unasemaje basi?"

"Nasema mficha uchi hazai. Mengine unayajua."

Jumatano asubuhi alimkuta Daktari akifuta miwani, skrini bado hazijawashwa. Bi Taipu hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, kitambaa cha meza na daftari la saa na kuku anayedonoa, na wiki ya chuo aliyoikosa. Alisema haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mwingine. Alipofika mwisho akaongeza, "Kwa hiyo naomba tuzirudie ripoti zote zenye vipimo, tangu mapazia yalipowekwa. Kila kipimo kimeandikwa pia juu ya picha yenyewe, na mashine haikosei mstari. Tulinganishe."

Daktari alivaa miwani.

"Bi Taipu, kila ripoti unayoandika, nani anaisoma kabla haijatoka?"

"Wewe, Daktari."

"Na nani anaweka sahihi?"

"Wewe."

"Basi lete kiti."

Walizirudia kwa siku mbili, katika nafasi kati ya wagonjwa, Daktari akisoma namba kwenye picha na Bi Taipu akisoma ripoti kwa sauti. Ripoti zenye vipimo zilikuwa mia moja na kumi na nne. Ya kwanza sawa, ya kumi sawa, ya arobaini sawa. Bi Taipu alianza kupumua. Baadaye alimwambia Fundi kwamba kilichomshangaza ni kwamba hofu ilipopungua udadisi ulirudi, akaanza kuona mambo. Namba zilizoanza sentensi zilikuwa salama, kwa sababu hapo Daktari hunyamaza kidogo, na yeye hupata muda wa kusoma alichoandika. Hatari ilikuwa katikati ya sentensi ndefu.

Walipata makosa matatu. La kwanza lilisema ufa wa mfupa wa mtoto mmoja una urefu wa milimita mia mbili na ishirini, ambao ungekuwa mrefu kuliko mfupa wenyewe; daktari wa mifupa alikwisha kuligundua, akacheka, akalisahihisha kwa kalamu. La pili lilikuwa la tarehe tu. La tatu lilikuwa la mwanamke mmoja, mpishi wa shule, aliyepigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi. Ripoti ilisema pafu la kulia lina kivimbe kidogo cha milimita tano. Picha ilisema sita.

"Moja tu," Bi Taipu alinong'ona.

"Moja tu," Daktari alikubali. "Lakini kwa utaratibu wetu hapa, kikiwa chini ya sita tunamwacha mtu aende zake. Kuanzia sita tunamwita tena baada ya miezi kadhaa, tuone kama kinakua. Huyu tumemwacha aende zake."

Akanyanyua simu palepale. Bi Taipu alimsikia akijitambulisha, akieleza kwa utulivu kwamba ripoti ilikuwa na kosa la kuandika, kwamba hakuna la kuogopa, kwamba wanamtaka arudi kupigwa picha nyingine kwa tarehe aliyomtajia. Upande wa pili wa simu palisikika masufuria, na sauti ya mwanamke aliyeuliza maswali mawili ya akili kisha akasema sawa, atakuja. Daktari alipokata simu hakumtazama mhazili wake. Alisema, "Nimelisoma hilo na kuliwekea sahihi. Macho yangu mimi yalikuwa yanatazama nini?"

"Picha," Bi Taipu alisema.

"Ndiyo. Ripoti nilikuwa nazisoma kwa mazoea."

Mpaka hapo mtu angesema shauri limekwisha, aweke tiki kwenye kompyuta yenye taa. Mhazili wa kliniki ya macho alisema hivyohivyo Alhamisi, kwa furaha ya mtu aliyeshinda ubishi ambao hakujua ameuanzisha. Lakini Bi Taipu hakutaka kuhama kutoka imani moja kwenda nyingine bila kuona. Alikwisha kuamini kitu miaka ishirini na saba, akaona kilivyomgeuka. Alhamisi hiyo alasiri alikwenda dukani.

Duka lilikuwa na kuta nyeupe na taa nyingi kama chumba cha upasuaji, na kompyuta zake zilipangwa kwenye meza ndefu, wazi, kama samaki sokoni. Muuzaji, dada kijana mwenye kucha ndefu, alimpeleka moja kwa moja kwenye aina ileile iliyokuwa kwenye karatasi. Ilikuwa nyembamba kweli. Bi Taipu aliinyanyua kwa vidole viwili, na bega lake la kulia likashukuru kabla hajaliambia kitu.

"Na hii ndiyo ina taa," dada alisema. "Bonyeza hapa."

Bi Taipu alibonyeza. Hakikubadilika kitu. Au kilibadilika, lakini kinyume: vitufe vilikuwa vya rangi ya fedha, na taa nyeupe ilipowaka chini yake, herufi zikafifia, zikawa ngumu kusomeka kuliko mwanzo.

"Mbona zimepotea?"

Dada aliinama. "He! Sijawahi kuona hilo."

"Labda kwa sababu hapa pana mwanga mwingi. Huna mahali penye giza?"

"Giza, mama?"

"Giza kabisa. Taa ya gizani tutaijaribuje mchana kweupe? Ni sawa na kununua mwavuli bila kuufungua."

Dada alitazama kulia na kushoto. Mwenye duka hakuwepo. Dakika moja baadaye walikuwa wote wawili ndani ya stoo, wamekaa juu ya maboksi, mlango umefungwa, na katikati yao kompyuta mbili: ile ya fedha, na ndugu yake wa aina ileile mwenye vitufe vyeusi. Bi Taipu alipunguza mwanga wa skrini mpaka ukakaribia ule wa chumba cha picha, akawasha taa ya kibodi.

Herufi zikatokea, safi, kama zimeandikwa kwa chokaa.

"Jamani, nzuri," alisema dada gizani. "Mimi huwaambia wateja ni nzuri kwa sababu inapendeza tu."

Walikaa humo karibu nusu saa. Taa ilikuwa na ngazi tatu. Ya juu kabisa ilivujisha mwanga pembeni mwa kila kitufe mpaka ukamrudi Bi Taipu usoni. Alijua Daktari asingeivumilia. Ya chini kabisa ilitosha kuona namba, na haikumulika ukuta. Kisha akaacha mikono itulie, kama inavyotulia Daktari anapopima kitu kigumu, na baada ya sekunde kumi taa ikazimika yenyewe.

"Imeharibika?"

"Hapana mama, inajizima kuokoa betri. Ukigusa inarudi."

"Nikigusa nini?"

"Kitufe chochote."

"Na kama kitufe cha kwanza nitakachogusa ndicho namba yenyewe?"

 Dada, ambaye sasa udadisi ulikuwa umemshika kuliko mteja wake, alianza kufungua kurasa za mipangilio moja baada ya nyingine kwa kucha zake ndefu, mpaka akapata pa kuiambia taa isijizime. "Hii hapa! Sikujua kama ipo."

Mwisho Bi Taipu aliandika namba thelathini, dada akimsomea kutoka kwenye lebo za maboksi. Kwa taa ya chini, hakukosea hata moja. Kwa taa iliyozimwa, alikosea saba. Dada akamletea pia ile kompyuta isiyo na taa, akarudia tena kwa vitufe vyake vyenye kina, kwa sababu alivipenda sana hivyo na alitaka kuvipa nafasi ya mwisho. Alikosea sita. Kina cha vitufe kilikuwa kitamu kwa vidole, lakini hakikumwonyesha njia.

Walipotoka, mwanga wa duka uliwafanya wapepese macho, na mwenye duka, aliyekuwa amerudi, aliwatazama kwa mshangao bila kupata swali la kuuliza.

Ijumaa saa nne Bi Taipu alipeleka karatasi yake kwa afisa vifaa. Tiki ilikuwa kwenye ya pili. Pembeni yake aliandika kwa mkono, "Vitufe vyeusi, tafadhali, si vya fedha."

Afisa alisoma. "Karatasi haina sehemu ya rangi."

"Ndiyo maana nimeandika pembeni."

"Rangi ina tofauti gani?"

Bi Taipu alimweleza, kwa kifupi. Afisa alimsikiliza, akatazama kibodi yake mwenyewe ya rangi ya fedha, akaiwasha taa, akaizima, akaiwasha tena. "Kumbe," alisema. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Akagonga mhuri.

Kompyuta ilifika baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza Daktari alilalamika kwamba kuna kitu kinamwasha pembeni mwa jicho, ikabainika Bi Taipu alikuwa amegusa kitufe kwa bahati mbaya na kuipandisha taa ngazi ya juu. Ilipokwisha kushushwa, Daktari hakuisema tena. Badala yake alianza kufanya jambo jipya: kila ripoti ilipokwisha, alimwomba Bi Taipu amsomee namba kwa sauti, naye akazilinganisha na picha. Iliwachukua muda kidogo zaidi kila siku. Hakuna aliyelalamika.

Nyumbani, mezani pa chakula, Bi Taipu alianza ile wiki ya chuo aliyoikosa. Fundi alimsomea namba za vipuri kila alasiri, mikono ikiwa chini ya kitambaa. Alikuwa mwalimu mbaya. Alicheka kila kosa. Baada ya mwezi makosa nane yalikuwa yamebaki matatu, na baada ya miezi miwili mawili, na hapo yakakwama. Bi Taipu hakuvunjika moyo, alitaka tu kujua ni kwa nini mawili, na kwa nini hayo. Hospitalini aliendelea kuwasha taa.

Mpishi wa shule alirudi kwa tarehe aliyopewa. Daktari aliweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya, akapima mara mbili. "Milimita sita," alisema. "Hakijakua." Bi Taipu alitazama chini, waziwazi, bila haya yoyote, akabonyeza sita. Alipotoka kwenda kliniki ya mifupa alimwona mwanamke mmoja kwenye benchi ukumbini, kitambaa kichwani, akimalizia kufunga vifungo vya shati, akamuuliza kama anasubiri mtu. Mwanamke alisema hapana, amekwisha, anapumzika tu miguu, maana jikoni kwake hakukaliki. Sauti ilikuwa ile ya kwenye simu. Walizungumza kidogo juu ya miguu. Bi Taipu hakujitambulisha, lakini alitembea mpaka kliniki akiwa mwepesi, na si kwa sababu ya kompyuta.

Habari zilienea, kama zinavyoenea hospitalini, na wahazili na makarani wa idara zilizofikiwa baadaye walipopata karatasi zao walianza kumjia mmoja mmoja. Achukue yenye taa au isiyo na taa? Bi Taipu hakumjibu mtu. Alimkalisha kila mmoja mezani, akamfunika mikono kwa faili, akamwambia aandike kitu anachokijua kwa moyo.

Karani wa masjala alipokuja, mama wa makamo mwenye haraka zake, aliambiwa aandike namba ya simu ya mumewe. Aliandika, akafunua faili, akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Mbili za mwisho nimekosea," alisema. "Nadhani. Au sijui, Bi Taipu. Miaka kumi na mitano huwa nabonyeza jina lake tu."

Wakaitoa simu, wakalinganisha namba kwa namba. Mbili za mwisho zilikuwa sahihi. Zilizokosewa zilikuwa za katikati.

Karani alivuta kiti karibu. "Hebu nifunike tena," alisema.